Baiskeli ya Mbele Kwenda Kibaoni

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu nikaacha, na sijawahi kupotea njia. Ramani naziona ukutani kwenye ofisi za watu, zina rangi nzuri, sizihitaji. Njia za nchi hii nilijifunza kwa miguu, halafu kwa baiskeli niliyonunua kwa tumbaku yangu mwenyewe, na hakuna ndugu aliyechangia hata spoku moja. Kwa hiyo mwaka ule wa mvua kubwa niliposema naogopa kwenda Kibaoni, mke wangu alijua kwamba anayeogopa anakijua anachokiogopa.

Alikuwa mjamzito, mwezi wa mwisho. Mtoto wetu wa kwanza tulimzika Litapunga, hapo tunapolima, hata siku moja hakuimaliza. Safari hii mke wangu alisema atazalia kwa mama yake Kibaoni, mama ambaye amezalisha wanawake wengi wa upande ule na wengine amewazalisha mabinti zao. Nilikubali. Mpango ulikuwa apande lori mapema, akae kule asubiri. Mvua ikatuwahi. Barabara ikafungwa kwa magari, na tumbo halikujua habari za barabara.

Basi nikaanza kupanga. Nilikwenda Ilembo, mahali ambapo wapanda baiskeli wanaotoka kusini walikuwa wakipumzika, nikakaa. Maneno yao sikuyasikiliza sana, maana mtu aliyepita maji ya kiunoni atakwambia yalikuwa ya shingoni. Nilitazama baiskeli. Tope jeusi likiishia kwenye ekseli, mbuga imejaa ila inapitika. Likifika kwenye kiti, mwenyewe alianguka nayo. Asubuhi kadhaa nilikwenda kutazama tope, narudi nyumbani nasema bado.

Njia zilikuwa mbili. Moja ya wakata mbao, inazunguka mbali sana na haina mto wa kutisha. Hiyo niliikataa, kwa sababu mwanamke wa hali ile hawezi kukaa kwenye karia siku nzima na ya pili yake, na ukivunjikiwa kule hakuna atakayekuokota. Nyingine ndiyo barabara yenyewe, Mpanda mpaka Sitalike, halafu unakatiza msitu wa hifadhi mpaka unatokea upande wa Kibaoni. Hapo kazi ilikuwa kuchagua siku. Siku za kawaida tulichokiogopa mle ni malori. Barabara nyembamba, dereva hapunguzi mwendo, unajitupa kwenye nyasi, na kwenye nyasi hujui nani amelala. Lakini malori yakifungiwa kuna hatari nyingine. Barabara isipopita gari, wanyama wanaichukua, maana ni kavu kuliko mbuga. Mimi nilitaka maji yawe yamepungua, malori yawe hayajaachiliwa, na jua liwe limepanda vya kutosha simba wakakae kivulini. Siku ya namna hiyo huwezi kuiomba, unaivizia.

Tope lilipoishia kwenye ekseli nilifunga gunia lenye majani makavu juu ya karia, mke wangu akakaa, tukaondoka.

Sitalike malori yalikuwa yamejipanga foleni, madereva wanapika ugali chini ya bodi zao, na viboko mtoni wanaguna kama watu wanaosemana. Wapanda baiskeli wachache walikuwa wanangoja wenzao. Sisi tuliopita msitu ule tulikuwa na taratibu zetu. Hakuna anayeingia peke yake. Na mwenye mzigo mzito kuliko wote ndiye anayetangulia, wengine wote wanakwenda mwendo wake, asiachwe nyuma. Anayetangulia ndiye mwenye amri pia. Akisema simama, mnasimama. Akisema geuka, mnageuka.

Msukuma mmoja, mtu mzima mwenye kofia ya manyoya, alikuwa amebeba chumvi mpaka tairi limebonyea. Nilimwonyesha kwa kidevu kwamba wewe ndiye wa mbele. Akaitazama karia yangu, akatikisa kichwa.

"Chumvi yangu ikianguka nitaizoa," alisema. "Huyu mayu huwezi kumzoa. Tangulia, baba."

Kwa Wasukuma mayu ni mama. Wengine wakacheka, ila hakuna aliyembishia. Katika safari zangu zote nilikuwa nimekaa katikati, na katikati unaona mgongo wa mwenzako tu. Askari wa geti alisema kufungwa ni kwa magari, baiskeli hazimhusu, ila tukiliwa tusimtaje. Tukaingia.

Mbele hakuna mgongo wa mtu. Kuna barabara, na kila kona inaficha kitu mpaka uifikie. Mbung'o walikuwa wananing'ata masikioni na siwezi kuachia usukani, mke wangu akawa ananipepea kwa tawi. Nilipita mavi ya tembo yanatoka moshi. Nyuma yangu nilisikia minyororo ya wenzangu inakwaruza kwa mchanga, na kila iliponyamaza nilidhani wamenikimbia. Mara mke wangu akanishika mkanda kwa nguvu, vidole vikaingia ubavuni.

"Umeona nini?" nikamuuliza.

"Sijaona kitu. Endesha."

Baadaye akanishika tena vilevile, na hapo nikaelewa kwamba hashiki kwa sababu ya pori. Ninyi mnaosoma sijui mmewahi kuogopa vitu viwili kwa pamoja, kimoja mbele ya macho na kimoja mgongoni. Nilitamani simba atokee, angalau yule ningejua nifanye nini naye.

Tulipofika bondeni, karibu na mwisho wa msitu, njia ilikuwa imezibwa na lori. Lilikuwa limepenya getini kwa siri, likafika pale, karavati likakatika chini yake. Magurudumu ya nyuma yalikuwa upande wetu, ya mbele ng'ambo, na katikati maji mekundu yanapita kwa kasi chini ya bodi. Lilikuwa limeinama kama mlevi anayeegemea ukuta. Dereva na utingo wake walikaa juu ya paa la kichwa cha lori, hawajanyoa, wamekaa pale tangu juzi wakisubiri mtu wa kuwavuta. Upande wa chini maji yalikuwa yamefanya bwawa, na bwawani macho na masikio ya viboko. Upande wa juu kulikuwa na njia iliyolazwa na nyati, nyasi za kufika kichwani, na maji yake hakuna anayejua kina.

Wote wakasimama, wakanitazama mimi. Nilikuwa wa mbele.

Nilisema turudi Sitalike. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua, nikaanza kugeuza usukani. Mke wangu akashuka kwenye karia. Alisimama kwanza, ameinama, ameshika kiti cha baiskeli mpaka maumivu yapite.

"Nikirudi nazaa barabarani," akaniambia, taratibu, wenzangu wasisikie. "Mama yangu yuko huko mbele."

Kisha akamgeukia dereva. "Kaka, lori lako linafika ng'ambo?"

Dereva akacheka. "Dada, limekwama hili. Halifiki popote."

"Nimeuliza kama kichwa chake kiko ng'ambo."

Dereva akaangalia chini mbele yake, kana kwamba hajawahi kuangalia. "Kiko," akasema.

Basi tukapita juu ya lori. Utingo hakutaka, alisema likipata uzito litalala lote bwawani, akataka kwanza ipite baiskeli tupu, tuone. Mke wangu akasema mwenye mzigo mzito ndiye anayetangulia, si mmesema wenyewe getini. Msukuma akavua kofia, akainama chini ya ubao wa nyuma, akampa mgongo apandie.

Mzigo wa lori ulikuwa saruji, mifuko imelowa na kuganda kama mawe. Nilimfuata kwa magoti. Tulipofika katikati, lori likalia. Ni sauti ndefu ya chuma, nikahisi bodi inazama upande wa viboko, tope likadondoka majini. Na hapohapo uchungu ukamkamata. Akakaa juu ya mfuko, akafumba macho, hawezi kwenda mbele wala nyuma. Nilimshika kifundo cha mguu, sikuwa na kingine cha kushika. Nilihesabu pumzi zake, nikapotea, nikaanza tena. Alipofumbua macho alitambaa mwenyewe mpaka kwenye paa, na dereva yule aliyekuwa anacheka akashuka kwenye boneti akamwekea mabega, mke wangu akakanyaga, akafika chini. Baiskeli zilifuata moja moja. Chumvi ya Msukuma tuliihamisha kidogo kidogo kwa ndoo ya dereva, naye tukamwachia chakula tulichokuwa nacho.

Kibaoni tuliingia jua bado lipo. Mama mkwe alimpokea binti yake mlangoni, mimi nikabaki nje. Kwetu mkwe hamkazii macho mama wa mke wake, na mle ndani sikuwa na kazi. Nikageuza baiskeli miguu juu, nikajifanya nanyoosha rimu. Msituni nilikuwa na kona za kutazama, na tope la kusoma. Pale nilikuwa na mlango uliofungwa na sauti ya mke wangu nyuma yake, halafu ukimya, halafu sauti tena. Ule ukimya wa katikati ndio nilioujua kutoka Litapunga.

Akalia mtoto. Akalia tena, kwa hasira. Nilikaa chini, hapo hapo kwenye matope.

Baada ya muda mama mkwe akasema nami akiwa ndani, mlango umefunguka kidogo. Alisema ni wa kike, na wote wawili wazima. Kisha akauliza, "Tumeambiwa barabara imefungwa. Nani aliyewapitisha?"

Mimi ni mtu wa kujisifu, kila anayenijua anajua. Siku ile nikasema, "Mwanao."

Halafu ndoo ikatolewa nje ya mlango, nikaambiwa nikachote maji.