Pembe ya Baba na Maswali ya Bwana Kato

Mwezi wa Julai mwaka 1954 nilimzika baba yangu, na mwezi wa Septemba, nywele nilizonyoa matangani hazijaota vizuri, nikajiaibisha mbele ya milima miwili kwa pembe aliyoniachia. Ninaposema milima miwili sitii chumvi, mtaona. Wengine wenu mmeshausikia mkasa huu kwa shemeji yangu Mcharo, naye husema nilijificha kwenye migomba. Sikujificha. Nilitaka, ila sikuwahi.

Baba alikuwa mpiga pembe wa kijiji chetu, huku milimani juu ya Same. Mfumwa, yaani chifu wetu, akikubaliana na wazee kwamba kuna kazi ya wote, kama kutengeneza njia au kuzibua mfereji, baba alisimama kwenye jiwe nyuma ya nyumba akapuliza ile pembe ya tandala, na kila nyumba ikatoa mtu na jembe. Kazi hiyo tunaiita msaragambo. Sheria yake kila mtoto anaijua: pembe ikilia bure inaondolewa kwenye nyumba hiyo, inapewa nyumba nyingine. Ya kwetu ilikuwapo tangu babu. Baba alipokufa ikabaki imening'inia juu ya mlango, hakuna aliyeniambia niipige na mimi sikuuliza (kusema kweli nilikuwa siwezi hata kuitazama kwa muda mrefu).

Ndipo akaja Bwana Kato, kijana wa Bukoba, mwanafunzi wa chuo kikuu kule Uganda, akisomea mambo ya siasa na utawala. Mwalimu wake alimtuma wakati wa likizo akaandike jinsi watu wa milimani wanavyotawaliwa: nani anaamuru, nani anatii, na kwa nini. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini Kiswahili changu kilikuwa kizuri, basi nikapewa kazi ya kumtembeza na kumfasiria lugha yetu ya Kichasu, naye akalala kwangu. Nilimpenda. Nyumba ilikuwa imenyamaza mno, na yeye alikuwa hachoki kusema.

Siku nne tulipanda na kushuka, tukaambulia makande. Wanaume wako shambani, wanawake wanatukaribisha vizuri, wanatupakulia, tunakula, tukifungua daftari tu wanasema kamuulizeni Mfumwa. (Si miaka mingi ilikuwa imepita tangu watu wetu wateremke Same kwa wingi kuikataa kodi, wakakaa pale siku na siku mbele ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya Mwingereza, sasa anakuja mgeni mwenye kalamu anauliza nani anatii, wewe ungemjibu?)

Jumamosi asubuhi nilimkuta Bwana Kato amekaa kizingitini na daftari jeupe magotini. Jumatatu alikuwa ateremke kuwahi basi.

"Kaka Eliamini," akaniambia, "nikirudi hivi, chuoni sina mwaka mwingine."

Kisha akainua macho akaiona pembe, akauliza ni ya nini, nikamweleza yote, mpaka ile sheria. Akafikiri kidogo akasema basi tuwaite watu kwa hiyo, waje pamoja, tuwaulize, waende zao. Hapo ningeweza kusema hapana. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini sikusema, na huwa najibu kwamba nilimhurumia mgeni. Ni kweli, lakini nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilitaka kuisikia.

Nikapanda kwenye jiwe nikijiambia nitapuliza kidogo tu, waje majirani wawili watatu, tuwape togwa, yaishe. Kumbe pembe haijui kidogo tu. Ilitoka sauti ileile ya baba, nzito, ndefu, ikateremka bondeni ikapanda upande wa pili, nami kwa kuisikia nikasahau nafanya nini, nikapuliza ya pili na ya tatu. Nilipoishusha nikasikia watu wa mlima wa ng'ambo wameipokea. Ni desturi, wakisikia yetu nao hupiga yao. Bwana Kato akaniuliza kwa furaha kama na hao wanakuja. Nikamwambia ndiyo, wote.

Wa kwanza kufika alikuwa bibi Nakijwa, mama mkubwa wa baba, na jembe begani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasimama akiitazama pembe mkononi mwangu, akanifuta uso kwa ncha ya kanga kama mtoto (sikuwa nimejua kwamba uso umelowa). Nyuma yake wakaja wengine, na wengine, majembe, sururu, vikapu vya kubebea udongo, mpaka uani pakajaa wakasimama kwenye kahawa yangu. Kisha wakapisha njia, akaja Mfumwa mwenyewe, amenyoa shavu moja, la pili lina povu la sabuni, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

"Nani amewaita?" akauliza.

Watu mia hivi walikuwa wanajua, na hakuna aliyenitaja. Nikasema ni mimi.

"Kwa kazi gani?"

"Kwa maswali, Mfumwa."

Mcharo akaweka sururu chini. "Shemeji," akasema, "swali la kwanza tunalichimba na hii, au niende nikachukue jembe?"

Kicheko kilichofuata nakisikia mpaka leo. Bwana Kato alijitahidi kueleza elimu ya siasa kwa Kiswahili cha vitabuni, na mimi nikiwa mfasiri nikalazimika kuifasiri, nikiwa nimeikumbatia pembe, nikitokwa jasho. Mfumwa hakucheka. Alisema wazungu wa Same wakisikia milima miwili imekusanyika bila ruhusa watamuuliza yeye, si mimi. Akanyoosha mkono aipokee pembe, kwa kuwa imelia bure.

Nilimpa. Haikuwa haki yangu kukataa.

Bibi Nakijwa ndiye aliyesema. "Mfumwa, imelia, na tumekuja. Ndiva imejaa tope tangu masika, mashamba ya chini yamekauka. Nani ametuita tangu yule mzee afe?"

Ndiva ni bwawa letu la kumwagilia mashamba. Watu wakageuka kumtazama Mfumwa, na Mfumwa akajishika shavu, akakuta povu, akaangalia vidole vyake. Baadaye akasema twende ndivani.

Tulichimba tope mpaka jua linainama. Bwana Kato alidhani atasimama ukingoni na daftari, akina mama wakamwambia hapa kila aliyeitikia pembe anashika kitu, akaingia na viatu vyake vya chuo, tope likameza cha kushoto. Lakini watu wakiwa na kazi mikononi midomo hufunguka. Waligombea kumjibu. Alipomuuliza Mcharo kwa nini mtu atii mwito ambao si wa serikali, Mcharo akamuuliza na wewe humo topeni umeingizwa na nani. Bwana Kato akanipigia kelele niandike hilo, maana mimi ndiye niliyekuwa na mkono msafi kidogo. Daftari lilijaa kwa mwandiko wangu wa darasa la nne, na tope.

Nimeapa, na ninaapa tena mbele yenu, kwamba sitapuliza pembe kabla sijajua kazi iko wapi na nani ameikubali.

Maji yalipoanza kuingia ndivani, Mfumwa aliwaita wazee wawili pembeni, wakanong'ona. Akarudi akasema nimefanya kosa la kuita bila kuuliza, kwa hiyo nitachinja mbuzi. Lakini pembe haikulia bure. Akanirudishia mbele ya wote, akasema msaragambo haujafungwa bado, mpiga pembe awape watu ruhusa ya kwenda nyumbani.

Nikapanda ukingoni, nikavuta pumzi, nikapuliza. Midomo ilikuwa imechoka na inatetemeka, ikatoka sauti ya mbuzi mwenye mafua.

"Huyohuyo mbuzi ndiye wa kuchinja," akasema Mcharo.

Hawakungoja nipulize tena. Walibeba majembe yao, wakaenda zao wakicheka mpaka ng'ambo.