Orodha ya Mama Victoire

Mpiga muziki wa harusi zetu mtaani Kamwokya hagusi kipanya cha kompyuta. Huandika jina la programu aliyojitungia kwa Perl, lugha ya kompyuta, kisha jina la orodha ya nyimbo, na kubonyeza kama mtoto anayebonyeza kengele ya jirani na kukimbia. Akiandika "mashemeji", mashemeji wanaruka. "Mashangazi", viatu vinavuliwa. Jumamosi Mama Victoire, mama wa bibi harusi, alinuna kitini. Mpiga muziki akaandika "mamavictoire", zikamwagika nyimbo za usichana wa mama huyo mjini Butembo, ambazo mpiga muziki alikuwa ameziulizia kwa dada za mama. Mama alicheza mpaka kilemba kikaanguka, akamjia mpiga muziki akihema.

"Na orodha ya kwako iko wapi?"

Mpiga muziki akaandika jina lake mwenyewe. Kompyuta ikajibu: orodha haipo.

"Basi utacheza yangu," akasema mama, akamburuta katikati yetu, kidole chake cha kubonyezea bado kikiwa hewani.