Mtu wa Safu ya Nyuma

Marehemu mume wangu alizaliwa kijijini Ayalandi, akafia Stockholm, na miaka yote ya katikati hakuacha kuizungumzia timu ya kwao. Mchezo wenyewe ni wa magongo ya mbao yenye bapa mwishoni. Kipira kinapigwa hewani na vidole vinavunjika. Kwao timu huichagui. Unachezea ulikozaliwa, basi, hata ukihamia mwezini.

Wanakijiji walimwomba aandike historia ya klabu. Alikubali kwa shangwe, kisha macho yakamharibikia, kazi ikaniangukia mimi. Natoka kazini Sundbyberg, nainjika chai, tunakaa mezani jikoni kwetu Vällingby: yeye anasimulia, mimi naandika. Picha za zamani nilimweleza moja moja, nani ana masharubu, nani kavaa kofia, naye akataja majina. Nikawajua marehemu wa kijiji kile kuliko wajomba zangu wa Tanga.

Picha moja ilitusumbua. Safu ya nyuma alisimama kijana aliyegeuza uso, haonekani hata pua.

"Mikono yake je?" mume wangu akauliza.

Nikamwambia kashika gongo, mkono wa kushoto juu. Alicheka mpaka akakohoa, halafu akalia. Wenzake wote waliweka wa kulia juu. Mshika kombo kijijini alikuwa mmoja tu, baba yake. Mzee huyo alifariki mdogo wake mume wangu akiwa bado wa kunyonya, na nyumbani kwao hapakuwa na picha yake hata moja.

"Usiandike jina," akaniambia. "Nitamwambia mdogo wangu mwenyewe, ana kwa ana."

Hakuwahi. Shemeji, mdogo wake huyo, alikuja msibani. Akaikunja kanga niliyotandaza juu ya jeneza, akanirudishia mkononi, akatandaza fulana ya timu. Ndiyo mila yao, sawa. Nilingoja akae anywe chai nimpe habari ya baba yake. Hakukaa. Alibeba makaratasi yetu ya historia, picha na gongo la kaka yake, akawahi ndege.

Kitabu kilipotoka nilikiagiza mwenyewe. Dibaji kaandika shemeji. Kamshukuru kila mtu, mpaka mama anayewachemshia chai klabuni. Kuhusu kaka yake kasema: aliifanya kazi hii peke yake, ugenini, bila wa kumsaidia. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe walinipa, mavuno wakasema yameota yenyewe. Binti yangu alisoma, akaniambia kwa Kiswidi, kama kawaida yake, niachane nao. Sikuachana nao. Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo hadi leo.

Mwezi uliopita shemeji alipiga simu, sauti laini kweli. Wanachapisha upya. Wamewatambua wote pichani isipokuwa mmoja, kijana wa safu ya nyuma aliyegeuza uso. Amewauliza wazee wote waliobaki, hakuna anayejua. Je, kaka yake aliwahi kunitajia?

Picha ilikuwa mbele yangu, kitabu kimefunguka ukurasa ule ule. Mkono wa kushoto juu.

"Kaka yako alifanya kazi ile peke yake," nikamwambia. "Mimi ningejuaje?"

Akaniomba radhi kwa kunisumbua.