Tete ya Kavira

Wewe mwenye ulikulia Butembo wakati jikoni zetu zilikuwa za miti na udongo, usinidanganye kama hukuchomeka tete mu ukuta ya mama yako. Kisha kuvuna maharagi, tulikuwa tunakata matete yenye yalishikiza ile maharagi, tunayapanga chini ya paa, kila mutoto na yake. Halafu tunangojea nyuki. Si ile ya asali, hapana. Ni ile ya peke yake, haina malkia, haina makelele. Inaingia na unga ya njano ku tumbo, inatoka, inarudi na udongo mu kinywa. Jikoni inanuka moshi na sombe ya majani ya muhogo, na sisi tuko chini, shingo inauma, tunahesabu safari zake. Siku nyuki imefunga mulango na udongo, mwenye tete alikuwa anatembea mu mutaa sawa mutu mwenye amezaa. Batoto ba leo banatembea vile juu ya foto yenye batu bamependa mu telephone.

Mwaka ile, tete ya kwanza kupata nyuki ilikuwa ya Kavira, dada yangu. Alikuwa na miaka sita, mimi kumi; aliniita yaya, mukubwa wake. Alisha kupatia batoto ba nyuki majina mbele bazaliwe. Alikuwa ananawa mikono mbele ya kusogelea tete, juu mama alikuwa anasema: "Mukono ingine inaotesha, ingine inaua." Mama alisema vile juu ya mbegu, lakini Kavira aliisikia juu ya kila kitu.

Mbele mulango ifungwe, kulikuja nzi moja ya kijani, inang'aa sawa kitambaa ya harusi. Nyuki ikienda kutafuta udongo, ile nzi inaingia kinyumanyuma. Kavira akakamata kijiti ya fagio aifukuze. Mimi mukubwa, mwenye kujua yote, nikamukataza. Nikamwambia ile njo bibi arusi, nyuki ni mutumishi wake tu. Nikakaa hata pale kuilinda. Nilikuwa na kiburi, nakubali.

Tulingoja mpaka mvua ikarudi. Hakuna kitu ilitoka. Tukapasua tete na kisu ya mama. Ndani kulikuwa vyumba tano, kila moja na ukuta yake ya udongo, kazi safi kabisa. Na mu vyumba, ngozi tu za batoto ba nyuki, kavu, tupu. Mu ya mwisho, nzi ya kijani ilikuwa inanyoosha mabawa. Lakini mukubwa hakosake jibu: nikasema bibi arusi amekuja kulilia batoto bake. Kavira akaniuliza: sasa nani alibaua? Nikamuonyesha Kavira mikono yake.

"Ulikuwa unagusagusa tete."

Akaenda kunawa.

Juzi nilishuka Beni kumutembelea Kavira. Ako na shamba upande wa Mbau, na kila musimu anapatia jirani mbegu amupandie. Siku zote nilikuwa namucheka, namuita madame mwenye kuogopa udongo. Ile jioni nilianza kuelezea Kakule, mutoto wake, habari ya matete, kusudi aweke telephone chini kidogo. Hakuweka. Akatafuta, akanigeuzia kioo ya telephone. Bibi arusi yangu, yeye kabisa! Kakule akasoma: ile ni mwizi. Inataga yai yake mu chumba ya nyuki, mutoto wake anakula mutoto wa nyuki. Mimi na akili yangu yote, nilikuwa nimelindia muuaji mulango.

Kavira alikuwa amesimama nyuma yetu. Aliangalia ile foto.

"Yaya, basi haikukuwa mukono yangu?"

Nikamujibu hapana. Akaniuliza tena, polepole, sawa mutu mwenye hakusikia. Njo pale nilielewa juu ya nini jirani anamupandia maharagi. Nikaelewa juu ya nini hakukubali kubeba mutoto wangu wa kwanza mpaka siku ile mutoto alitembea. Nilisema ni maringo. Miaka zote zile, Mungu wangu.

Leo jikoni ni za bloc za simenti na bati, nyuki haipate hata tundu, na batoto habajui raha ya kuchafuka. Nalilia ile wakati yetu, sikatae. Lakini Kakule akikosa kujua kitu, anauliza telephone, inamujibu. Sisi tulikuwa tunauliza mukubwa wetu, na mukubwa wa Kavira alikuwa mimi.