Karanga Sita Mdomoni

Sikusoma sana. Shule ya msingi niliiacha katikati, nikaenda kubeba mizigo pa gare, kituo cha treni, na sioni haya kusema. Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma na mashine ya kusaga unga, na hakuna aliyenipa hata msumari. Lakini ukiniuliza ni siku gani niliogopa kuliko zote, sitakutajia vita wala wanajeshi wa base, ile kambi yao. Nitakutajia mtihani wa hesabu.

Ilikuwa wakati wa Zaire, kila mtu akiitwa citoyen, raia. Yaya yangu, yule kaka mkubwa aliyenilea, alikuwa mtu wa reli hapa Kamina, na sote tuliishi katika nyumba yake ya kampi: yeye, mke wake, watoto wao, na mimi barazani. Ugonjwa ukamchukua. Matanga hayajapoa, shefu wa kampi akaja, akavua kofia, akasema lililomleta. Nyumba ni ya mtu wa kazi. Kama hakuna wa jamaa atakayepita mtihani wa kuingia reli, mjane awapishe wengine. Jamaa njo mimi, ndimi tu. Hapakuwa na mwingine.

Asubuhi ya mtihani nilikuta shemeji yangu amekwisha kulifunga godoro kwa kamba. Alinijazia mfuko karanga za kukaanga, maana nilikuwa sijala kitu.

"Baba mudogo, ukianguka, batoto batalala wapi?"

"Sitaanguka, yaya," nilimjibu, maana kwetu mke wa kaka naye ni yaya.

"Njo vile mukubwa wako alikuwa anasema ku hopitali."

Nikatoka na maneno hayo mgongoni.

Walitukalisha katika darasa la shule ya kampi, kwenye madawati ya watoto, magoti yanagonga ubao. Msimamizi alivaa abakosti ya kijivu, lile koti la wakubwa lisilo na tai, mtu mkavu, asiyecheka. Maswali yalikuwa kwa Kifaransa, naye alituelezea kila moja kwa Kiswahili. Chini ya swali kuna majibu manne, wao wanaita assertions. Wewe unazungushia herufi moja tu. Maswali ya taa na bendera za reli nilijibu. Ya uzito wa mizigo nilijibu. Mgongo wangu uliyajua. Halafu likaja lile.

Mtaa una familia ishirini. Kumi na tatu zinalima mahindi. Kumi na moja zinalima muhogo. Mbili hazilimi kitu. Ni ngapi zinalima vyote viwili?

Nilicheka moyoni. Ni nani Kamina analima muhogo bila mahindi? Bukari, ugali wetu, utaipika na nini? Hapa tunachanganya unga tangu mababu. Basi wote wa muhogo wana mahindi pia: kumi na moja. Nikatafuta, nikaiona pale, herufi B. Nikaizungushia kwa penseli.

Kisha nikaogopa. Lilikuwa jibu rahisi mno. Watu wa ofisi hawawezi kumpa mbeba mizigo nyumba kwa jambo ambalo hata mama mwuza unga analijua. Nikajumlisha: kumi na tatu, kumi na moja, na wale wawili. Ishirini na sita! Mtaa una familia ishirini. Hizi sita zimetoka wapi?  Nilihesabu tena, zikatoka sita zilezile, sita zisizo na nyumba, na mimi nikaona sura za watoto wa kaka yangu.

Bibi yangu hakukubali watu wahesabiwe kwa kidole. Alisema unaviita vifo. Siku ya matanga, kujua walaji, aliweka karanga moja kwa kila mtu ndani ya kikapu, ndipo akapima unga. Mkono wangu uliingia mfukoni wenyewe.

Kwenye karatasi ya kuchafua, ile ya kujaribia hesabu, nilichora vijiti ishirini. Viwili nikavikata: hao hawana shamba. Vikabaki kumi na nane. Nikaweka karanga za mahindi, kumi na tatu. Vijiti vitano vikabaki wazi. Nikatazama ile B yangu. Kama muhogo wote uko kwa wenye mahindi, hizi nyumba tano zinakula nini? Swali limesema wenye kukosa ni wawili tu. Basi muhogo uanze kwao. Nikachukua karanga kumi na moja mkononi, nikaanza kuzipanga: moja, mbili, mpaka ya tano. Kila nyumba ikapata. Zilizobaki nilikuwa nimezifumbata.

"Weye citoyen, kule nyuma! Ile njo nini unapanga?"

Alikuwa msimamizi, ananinyoshea kidole.

"Ni kalanga, shefu."

"Uko mu examen ao uko ku soko?"

Darasa likapasuka kwa kicheko. Mmoja akasema, "Mutuuzie basi!" Msimamizi akaja, akasimama juu yangu. Nilijua nikifukuzwa, godoro liko tayari.

"Fungua mukono."

Nikafungua.

"Kula. Kula yote, nione."

Nikatia zote mdomoni. Yeye mwenyewe akapangusa zile za kwenye karatasi mpaka chini, akaikunja karatasi, akaenda nayo. Sikutafuna. Nilizisukuma kwa ulimi, moja moja, kuelekea shavuni, jasho linaingia machoni. Sita. Hazikuwa familia za kigeni. Ni nyumba sita zilizohesabiwa mara mbili, kwa mahindi na kwa muhogo. Ndipo nikatafuna, nikafuta B kwa mate na kidole, nikazungushia A, palipoandikwa sita. Karatasi ilikaribia kutoboka.

Jioni, mlangoni, walisoma namba za waliopita. Yangu ilisomwa. Nikashika njia ya nyumbani.

Shemeji alikuwa amekaa juu ya godoro, watoto kando yake, sufuria zimepangwa ndani ya beseni.  Alinitazama usoni.

"Fungua kamba, yaya."

Tulijaribu wote wawili. Alikuwa amekaza fundo kwa nguvu za mtu mwenye hofu. Ikabidi tuikate kwa kisu.