Nilishusha Mkono Usifike Sikioni

Jamani, nimekosa. Nianze na hilo kabla sijaanza visingizio, maana ninavyo vingi. Jina langu msilitafute. Nilimkana mwalimu wangu mbele za watu, naye amekaa pale pale ananitazama!

Zilikuwa enzi za Ujamaa, tukikaa Mabwerebwere, Kilosa. Baba alikuwa mkata mkonge. Mwalimu wangu alikuwa Mhindi mzaliwa wa Kilosa, fundi cherehani aliyefiwa na mkewe, mwenye duka dogo karibu na stesheni. Kila alfajiri alipiga filimbi ndefu ya mwanzi, muziki wa kwao wa tangu zamani. Mimi nilikuwa nachelewa shule kwa kusimama chini ya dirisha lake.

Siku moja akafungua mlango. "Beta, ingia. Huko nje unasikia nusu tu."

Beta kwao ni mwanangu.

Mtu yule alikuwa na moyo! Aliniweka kwenye sauti moja, Sa, ile ya kwanza katika ngazi ya muziki wao, asubuhi baada ya asubuhi. Nikiomba wimbo anatikisa kichwa: "Shikilia hiyo hiyo mpaka garimoshi liishe kupita." Mteja akibisha anajibiwa, "Njoo baadaye, nafundisha." Nilikua mikononi mwake, mpaka nikawa kijana wa kuota ndevu.

Akanifunza na adabu ya wanamuziki wa kwao. Ukitaja jina la mwalimu wako, unashika kwanza ncha ya sikio. Ni heshima, kama shikamoo kwetu. Yeye alishika lake kila alipomtaja marehemu aliyemfundisha, hata kama mdomoni ana pini za kushonea.

Kisha yakaja maneno ya duka lake. Viongozi wa tawi letu walitaka liwe duka la ushirika. Wahindi wakati ule waliitwa wanyonyaji, mirija, na mimi kijana wa chama niliyapigia makofi maneno hayo. Wazee wachache wakamtetea: huyu ni mwenzetu, mwacheni. Wakajibiwa, "Ametufaa nini? Tuonyesheni!"

Cha kuonyesha kilikuwa mimi! Akaja mgeni mkubwa wa chama, nikachaguliwa kumpigia filimbi uwanjani. Mwalimu akaninyooshea shati kwa pasi yake. "Wakikuuliza, beta, sema kweli tu. Mimi siwezi kujisemea."

Nikapiga. Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Mgeni akainuka. "Hii ndiyo sauti ya mkulima! Kijana, nani kakufundisha?"

Mwalimu alikuwa nyuma kabisa, kavaa koti lake la sherehe. Alikuwa ameshaanza kutabasamu.

Mkono wangu ukaenda wenyewe kuelekea sikioni. Nikawaona vijana wenzangu wananitazama. Nikaogopa kuitwa kibaraka wa Mhindi. Nikaushusha mkono, nikajikuna shingo kana kwamba nimeumwa na mbu.

"Hakuna, mheshimiwa. Nimejifunza mwenyewe, machungani."

Machungani! Kwetu hatukuwa na hata mbuzi! Makofi yakalia. Nilipotazama tena nyuma, sikuliona lile koti.

Kesho yake nilikwenda kwake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, beta. Keti. Leo tupige Sa."

Basi! Nilitamani anizabe kibao. Alinisikiliza kama siku zote, na mimi mdomo ukashindwa kufunguka kuomba msamaha. Nikajisemea, nitamwambia kesho.

Duka likachukuliwa. Mwalimu aliondoka kwa treni nikiwa Mikumi na kikundi cha utamaduni, napokea sifa zangu. Niliporudi nikakuta filimbi yake kwa mama, imefungwa kwenye kipande cha kitambaa cha suti.

"Kasemaje?" nikamuuliza mama.

"Kasema bado unapandisha mabega ukivuta pumzi. Alikuona siku ile uwanjani. Ujirekebishe."

Nililia, ndugu zangu! Nimemkana, naye anahangaikia mabega yangu.

Niliuliza stesheni, nikauliza Wahindi wa Morogoro. Huyu anasema yuko Dar, yule anasema kavuka bahari. Na hata nilipohamia Kidodi kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa, kila nilipoulizwa nani kanifundisha, nilirudia uongo ule ule. Ulishajulikana, ningeufutaje?

Sasa ni mzee, meno yamekwisha, filimbi haitoi kitu ila upepo. Mjukuu wangu huniuliza nani alinifundisha. Nashika sikio, machozi yananitoka, naye anacheka: "Babu, sikio linakuwasha?" Sina pa kwenda kuomba radhi.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu aliyekushika mkono, mtaje wakati bado wapo watu wa kumdhuru na wa kumtetea. Mtaje angali anakusikia! Mimi namtaja leo, na haimsaidii kitu.

Nimeshika sikio. Mwalimu wangu aliitwa Jivanlal, fundi cherehani wa Kilosa.