Koili Ishirini na Tano

Mimi ni fundi wa kusuka mota. Darasani sikukaa, ila waya wa shaba naujua kwa kidole. Mota ya kinu ikiungua inaletwa kwangu, natoa waya ulioungua, nasuka mwingine. Kazi hiyo imenilisha miaka arobaini na kitu.

Mke wangu alikuwa mshonaji. Usichanani alifagia shule moja yenye kinanda, na watoto wakishatoka alikaa kukipiga. Tangu hapo vidole vyake havikutulia. Hata akisubiri maji yachemke, alikuwa akipiga kinanda juu ya meza. Cha dukani hakikuwa cha mfuko wetu. Siku moja nikamwambia nitamtengenezea cha umeme.

"Wewe?" akasema. "Baba watoto, hicho si kitasaga unga?"

Nikaanza hivyohivyo. Vibao nilivipata kwenye kitanda kibovu. Ukibonyeza kibao, kinyundo kinagonga kipande cha msumeno wa chuma kilichobanwa upande mmoja. Vipande hivyo tuliviita ndimi. Ulimi peke yake unalia kama mbu. Ili usikike, unaweka karibu na ncha yake sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kama unywele, mizunguko elfu tatu. Hiyo ndiyo koili. Ulimi ukitikisika, umeme kidogo unaamka ndani ya waya, unakwenda kwenye redio ya zamani, na spika inaimba. Kila kibao na koili yake. Vibao ishirini na tano.

Waya tuliuzungusha kwenye bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi, kwa cherehani yake, pale bobini zinapojazwa uzi. Mimi nakanyaga, yeye anauongoza kwa vidole viwili na kuhesabu. Mkanyago mmoja ni mizunguko ishirini. Mikanyago mitano, anatoa kifungo kimoja kwenye kopo na kukiweka mezani. Vifungo thelathini, koili imekwisha. Tulifika kumi na moja. Akaugua. Akaenda hospitali, hakurudi.

Kabla hajaenda alisema cherehani apewe mdogo wake, naye mshonaji. Sikuwa na neno. Msiba ulipopoa, shemeji akanipigia simu.

"Nakuja na gari Jumamosi, shemeji. Kama hujaiuza ukaoa."

"Nioe kwa meno gani?"

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Kuzungusha waya ule kwa mkono, na mikono yangu hii inayotetemeka, isingewezekana. Nilikuwa na cherehani siku tano.

Kwanza nikafunga zile kumi na moja nizisikie. Kumi zilinong'ona. Moja, ya sita, ililia mpaka kikombe kikatetemeka mezani. Nikabadilisha sumaku. Vilevile. Nikasogeza ndimi. Vilevile. Karibu na adhuhuri ndipo nikaona: ya sita imesukwa kwenye bobini ya plastiki, nyingine zote za chuma.

Chuma nilikichagua mimi. Yeye alinipa za plastiki nikazikataa. "Kwenye mota chuma ndiyo roho," nilimwambia, kama profesa. Kumbe hapa chuma kinaimeza nguvu ya sumaku kabla haijaufikia ulimi. Naye akachomeka moja ya plastiki bila kuniambia. Nilicheka peke yangu.

Basi hazikubaki kumi na nne. Zilibaki ishirini na nne.

Bobini za plastiki zilikuwemo kwenye kopo lake, zote na uzi. Wa kijani wa sare za shule, mweupe, mwekundu wa gauni la binti yetu. Niliutoa mmoja mmoja, nikauzungusha kwenye makadi. Halafu nikazifumua zile kumi za chuma, waya uliopita vidoleni mwake. Hilo sitalieleza.

Nikakanyaga, nikaongoza, nikahesabu, yote mimi. Waya ukikatika, naanza upya. Jumatano binti akapiga simu.

"Baba, pumzika. Nani atakipiga hicho?"

"Kwanza kilie."

Jumamosi asubuhi ilikuwa imebaki moja. Ilishakatika mara tatu. Shemeji akaingia bila hodi, kama kawaida yake.

"Bado umekalia mali yangu?"

"Imebaki moja tu."

Akasimama kunitazama. Waya ukakatika.

"Unaushika kama unamkaba mwizi," akasema. Akavuta kigoda. "Wewe kanyaga. Nihesabu nini?"

Nikampa kopo la vifungo. Akashika waya kwa vidole viwili, uleule mkao wa dada yake. Sikumtazama sana. Nilitazama vifungo. Kilipowekwa cha thelathini nikaondoa mguu.

Nikaunga ncha za waya kwa risasi iliyoyeyushwa, nikawasha redio. Nikamwambia abonyeze.

"Mimi sijui kupiga."

"Bonyeza tu."

Akabonyeza kimoja kimoja, kutoka kushoto. Vyote vikalia. Akarudi nyuma.

"Hiki cha sita mbona kinawazidi wenzake? Kipunguze."

"Hicho alikisuka dada yako. Sikigusi."

Alikibonyeza tena, akangoja mpaka sauti ikaisha. Halafu akasema, "Cherehani niiache?"

"Ibebe. Alisema ni yako."

Tukaibeba hadi kwenye gari. Pale iliposimama sakafu ilikuwa na alama nne. Tukakivuta kinanda, kikaziba zote.

"Sasa nani atakipiga, shemeji?"

"Mimi."

"Wewe? Na vidole hivyo vya mota?"

"Nimemwona akipiga juu ya meza miaka yote hiyo. Najua vidole vyake vilikokuwa vikienda."

Alipoondoka nikakaa. Nimeanza kwa kidole kimoja.